Ibn al-Qayyim: Mwanazuoni aliyewafundisha makadhi kupima ushahidi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SW), aliyeamrisha uadilifu na akaharamisha dhulma baina ya waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuwaeleza habari za mwanazuoni ambaye wengi wetu tunamjua kwa vitabu vyake vya kulainisha nyoyo na kwa kitabu chake cha mwenendo wa Mtume (SAW), Zad al-Ma'ad. Ni wachache wanaojua kwamba aliandika pia kitabu kizima juu ya jambo linalogusa damu, mali na heshima ya kila mmoja wetu: wanaposimama watu wawili mbele ya kadhi, kila mmoja akidai kuwa haki ni yake, kadhi atamjuaje mkweli na mwongo?

Mwanazuoni huyo ni Shamsuddin Muhammad bin Abi Bakr bin Ayyub, mtu wa Damascus katika nchi ya Sham, maarufu kwa jina la Ibn Qayyim al-Jawziyya. Alizaliwa mwezi wa Safar mwaka 691 H, sawa na mwaka 1292 M. Jina lake lina asili yake. Baba yake alikuwa msimamizi, yaani qayyim, wa madrasa iliyoitwa al-Jawziyya mjini Damascus. Kwa hiyo mtoto akaitwa mwana wa msimamizi wa Jawziyya. Elimu ya mirathi aliipokea kwa baba yake mwenyewe. Lugha, fiqhi ya madhehebu ya Imam Ahmad bin Hanbal, usuli, tafsiri na hadithi alizisoma kwa masheikh mbalimbali wa mji ule.

Mwalimu aliyeacha athari kubwa zaidi juu yake ni Ibn Taymiyya. Sheikh huyo aliporejea Damascus kutoka Misri mwaka 712 H, kijana Ibn al-Qayyim aliambatana naye na hakumwacha kwa miaka kumi na sita. Mwaka 726 H (1326 M) Ibn Taymiyya alifungwa katika ngome ya Damascus kwa sababu ya fatwa yake juu ya safari za kuzuru makaburi, suala ambalo wanazuoni wamekhitalifiana. Mwanafunzi naye alikamatwa. Wanahistoria wameeleza kwamba alipigwa, akazungushwa mjini juu ya punda, kisha akatiwa kifungoni peke yake mbali na mwalimu wake. Hakutolewa ila baada ya Ibn Taymiyya kufariki mwaka 728 H (1328 M). Inaelezwa kuwa muda wake wa kifungo aliutumia katika kuisoma Qur'ani na kuizingatia. Msomaji wa maandishi yake juu ya hukumu na asisahau jambo hili: aliyeyaandika alikuwa ameiona hukumu kutoka upande wa anayehukumiwa.

Baada ya hapo aliishi maisha ya ualimu. Alikuwa imamu katika madrasa ya al-Jawziyya, akafundisha katika madrasa ya as-Sadriyya, akatoa fatwa na akaandika vitabu vingi. Ibn Kathir, mwandishi wa tafsiri mashuhuri, ambaye alikuwa sahibu yake wa karibu, ametaja kwamba hakumjua mtu katika zama zao aliyezidi kufanya ibada kuliko yeye, na kwamba alikuwa mtu wa mapenzi, asiyemhusudu mtu wala kumuudhi. Yeye mwenyewe hakushika kiti cha ukadhi. Lakini makadhi na watawala walikuwa na haja ya elimu yake, na sababu yake ni hii ifuatayo.

Mahakama mbili katika mji mmoja

Tangu enzi za Sultani Baybars, katika miaka ya 1260, mji wa Damascus ulikuwa na makadhi wakuu wanne, kila mmoja kwa madhehebu yake: Shafii, Hanafi, Maliki na Hanbali. Makadhi hawa walifuata taratibu zilizoandikwa katika vitabu vya fiqhi. Mdai alitakiwa alete mashahidi wawili waadilifu. Akiwakosa, mdaiwa aliapa na shauri likaisha. Pembeni yao walikuwapo maliwali na watu wa dola, ambao waliwafuatia wezi na wauaji kwa njia zao wenyewe, na mara nyingi kwa mkono mzito.

Hapo pakawa na ufa mkubwa. Mwizi aliyejua kuwa hakuna aliyemwona aliweza kuapa uongo mbele ya kadhi akaenda zake, na mali ya yatima mkononi mwake. Na mtu asiye na hatia aliweza kuangukia mikononi mwa liwali akaadhibiwa kwa dhana tupu. Wapo waliofika hata kusema kuwa sheria ya Mwenyezi Mungu haitoshi kuendesha nchi, na kwamba pana haja ya siasa iliyo nje yake. Neno hilo lilimuumiza Ibn al-Qayyim. Aliona kwamba upungufu haumo katika sheria, bali umo katika ufahamu wa wale walioibana.

Basi akaulizwa suala: je, inafaa kwa hakimu au liwali kuhukumu kwa firasa na kwa dalili za hali, asisimame kwenye maneno ya nje tu? Jibu lake ndilo lililokuwa kitabu kiitwacho at-Turuq al-Hukmiyya, yaani njia za kuhukumu. Tangu mwanzo wa jibu aliweka mizani yenye pande mbili. Hakimu akizipuuza dalili hizi, atapoteza haki nyingi za watu na atasimamisha batili. Na akizipanua bila ya mipaka ya sheria, ataingia katika kila namna ya dhulma na uharibifu. Kitabu kilichobaki ni sherehe ya pande hizo mbili.

Nini maana ya bayyina?

Hadithi mashuhuri inatufundisha kuwa bayyina ni juu ya mwenye kudai, na yamini ni juu ya mwenye kukana. Mafaqihi wengi waliifasiri bayyina kuwa ni mashahidi. Ibn al-Qayyim akawarudisha kwenye asili ya neno. Bayyina, alieleza, ni jina la kila kinachoibainisha haki na kuidhihirisha. Mashahidi wawili ni bayyina, wala hakuna shaka, lakini si peke yao. Na wala hakuna mahali katika Qur'ani ambapo neno hili limekusudiwa mashahidi wawili tu. Limekuja kwa maana ya hoja na dalili iliyo wazi.

Wakamuuliza: vipi basi Aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayotaja mashahidi wawili wanaume, au mwanamume mmoja na wanawake wawili? Akajibu kwamba Aya hiyo inamwelekeza mwenye mali namna ya kuilinda haki yake anapokopesha, ili aichukue njia iliyo madhubuti zaidi. Haimwambii kadhi kwamba asihukumu ila kwa njia hiyo. Ndiyo maana imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (SAW) alihukumu kwa shahidi mmoja pamoja na kiapo cha mwenye kudai. Hukumu hii katika mashauri ya mali wameikubali Imam Malik, Imam Shafii na Imam Ahmad, ingawa Imam Abu Hanifa hakuichukua. Ibn al-Qayyim alihesabu katika kitabu chake njia zaidi ya ishirini ambazo kwa hizo haki huweza kuthibiti mbele ya hakimu.

Alitoa mfano ambao hata mtoto anaufahamu. Mtu anakimbia, ana kilemba kichwani na kilemba kingine mkononi. Nyuma yake anamfukuza mtu mwingine aliye kichwa wazi, na si kawaida ya mtu huyo kutoka bila kilemba. Nani mwenye kile kilemba cha mkononi? Kanuni ya kawaida ni kwamba kitu ni cha yule aliyekishika. Lakini hapa hali yenyewe inasema wazi kuliko mkono, na anayeendelea kung'ang'ania mkono amefumba macho yake kwa kusudi.

Dalili katika Qur'ani na Sunna

Ibn al-Qayyim hakulitoa jambo hili kichwani mwake. Alianza na kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Katika Aya ya 26 hadi 28 za Sura hiyo, shahidi aliyetoka katika jamaa za yule mwanamke alielekeza kwenye kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke amesema kweli; ikiwa imechanwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Hapakuwa na aliyeona. Palikuwa na nguo iliyochanika. Na katika Sura hiyohiyo ndugu zake walimletea baba yao kanzu yenye damu ya uongo, naye Yaaqub (a.s.) hakudanganyika, ingawa ushahidi wa damu ulikuwa mbele ya macho yake. Wafasiri wameeleza kuwa aliiona kanzu ni nzima. Na mbwa mwitu gani huyo anayemla mtoto bila kuirarua nguo yake? Tazameni, ndugu zangu, kanzu mbili katika Sura moja: moja imemtakasa asiye na hatia, na nyingine imetengenezwa ili idanganye.

Akataja pia hadithi ya Bukhari na Muslim juu ya wanawake wawili walioletwa kwa Nabii Suleiman (a.s.) wakigombania mtoto baada ya mbwa mwitu kumchukua mtoto wa mmoja wao. Suleiman aliagiza kisu ili ampasue mtoto wagawane. Mdogo wao akamsihi asifanye hivyo, akasema kuwa mtoto ni wa mwenzake. Suleiman akampa yeye yule mdogo. Mama huyo alikuwa amekwisha kukiri kwa ulimi wake kuwa mtoto si wake, lakini huruma yake ilishuhudia kinyume cha ulimi, na ushahidi wa huruma ukawa mzito zaidi.

Katika vita vya Badr, vijana wawili wa Kiansari kila mmoja alidai kuwa yeye ndiye aliyemuua Abu Jahl. Mtume (SAW) aliwauliza kama walikuwa wamezifuta panga zao. Walipojibu kuwa bado, alizitazama panga zote mbili ndipo akatoa hukumu. Na katika mali iliyookotwa, Mtume (SAW) alifundisha kwamba atakayekuja akaeleza sawasawa chombo, kamba iliyofungia na idadi yake, apewe. Maelezo sahihi ya mwenye mali yakawa ni bayyina yake.

Iyas na mti wa nyikani

Kitabu kimejaa pia visa vya makadhi waliotangulia. Mmoja wao ni Iyas bin Muawiya, kadhi wa Basra katika zama za Khalifa Umar bin Abdulaziz. Anasimulia Ibn al-Qayyim kwamba mtu mmoja alimshitaki mwenzake kwa Iyas kuwa alimwekesha fedha, naye akazikana. Mashahidi hakuna. Iyas alimuuliza mdai alimkabidhi wapi fedha hizo. Akasema ni nyikani, chini ya mti fulani. Iyas akamwambia aende kwenye mti huo, huenda akakumbuka jambo. Mdaiwa akaambiwa akae angoje.

Iyas akaendelea kusikiliza mashauri ya watu wengine. Baada ya muda, kama asiyejali, akamgeukia mdaiwa na kumuuliza kama anadhani mwenzake amekwisha kufika kwenye ule mti. Yule mtu akajibu kuwa bado hajafika. Hapo akawa amejifunga mwenyewe: kama hakupokea kitu, amejuaje mti huo uko umbali gani? Alipobanwa alikiri na akaomba asamehewe. Angalieni kwamba Iyas hakukurupuka kumhukumu kwa sura ya uso wake. Alitafuta neno litakalomtoa mtu katika maficho, na hukumu ikaja juu ya ukiri.

Dalili nazo hudanganya

Huu ndio upande wa pili wa mizani, na hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame kidogo. Ibn al-Qayyim aliwagawa washitakiwa katika mafungu matatu: mtu anayejulikana kwa wema, mtu asiyejulikana hali yake, na mtu anayejulikana kwa uovu wa aina ile aliyotuhumiwa nayo. Wa kwanza haadhibiwi kwa tuhuma tupu. Wa pili huzuiwa hadi hali yake ibainike. Kwa wa tatu aliruhusu ukali, hata kipigo, ili kilichofichwa kitoke. Katika hilo la mwisho wapo wanazuoni wasioafikiana naye, kwa kuwa ukiri uliotolewa kwa maumivu hautofautishi mkosaji na asiye na nguvu. Nasi tunaona kuwa jibu lenye nguvu zaidi limo ndani ya kitabu chake mwenyewe, katika kisa cha mchinjaji.

Anasimulia kwamba katika zama za Sayyidna Ali (r.a.) aliletwa mtu aliyekutwa kwenye gofu, kisu chenye damu mkononi, na mbele yake mtu aliyeuawa akigaragara katika damu yake. Alipoulizwa, akasema kuwa yeye ndiye aliyemuua. Ali akaamuru akatwe kisasi. Alipokuwa akipelekwa, akaja mtu mwingine mbio akawasihi wasifanye haraka, kwani muuaji ni yeye.

Ali akamuuliza yule wa kwanza kilichompa kukiri jambo asilolifanya. Akaeleza kuwa yeye ni mchinjaji. Alfajiri alichinja ng'ombe, na alipokuwa akimchuna akashikwa na haja ndogo. Akaingia kwenye gofu lililo karibu, kisu bado kiko mkononi. Alipotoka akamkuta maiti, akasimama kwa mshangao, na mara walinzi wakamzunguka. Aliona kwamba hakuna atakayeliacha neno la watu wengi na kisu chenye damu akalichukua neno lake, basi akakata tamaa akakiri. Na yule wa pili akaeleza kwamba aliua kwa tamaa ya mali, akajificha aliposikia walinzi. Lakini alipomwona mtu mwingine akipelekwa kuuawa, akajua kwamba damu ya huyo nayo itakuwa shingoni mwake.

Kisa kinaendelea kwamba Ali alimtaka shauri mwanawe Hasan (r.a.), naye akaona kwamba mtu huyu, kama aliua nafsi moja, basi ameihuisha nyingine. Akaachiwa, na diya ikatolewa katika Baitul Mali. Ibn al-Qayyim, kwa uangalifu wake, ameeleza kwamba kama warithi waliridhia hapana neno. Ama wasiporidhia, kauli mashuhuri ya mafaqihi ni kuwa kisasi hakianguki.

Zingatieni, ndugu zangu. Hapo palikuwa na kisu, palikuwa na damu, palikuwa na maiti, palikuwa na walinzi walioona, na juu ya yote palikuwa na ukiri wa mshitakiwa. Na yote hayo yalielekeza kwa mtu asiye na hatia. Kama yule muuaji angekosa chembe ya hofu ya Mwenyezi Mungu, mchinjaji angekufa na watu wangelala wakiamini kuwa haki imetendeka. Kwa hiyo dalili haipimwi kwa wingi wake tu. Kila dalili huulizwa: je, hapana maelezo mengine yanayoweza kuifanya iwe hivi? Na mshitakiwa hupewa nafasi ya kueleza huku akiwa na matumaini ya kusikilizwa, kwa sababu aliyekata tamaa huweza kusema lolote.

Urithi wake hadi leo

Ibn al-Qayyim alifariki mwezi wa Rajab mwaka 751 H (1350 M), akiwa na umri wa miaka sitini kwa hesabu ya Hijria. Alisaliwa katika Msikiti wa Bani Umayya na akazikwa katika makaburi ya Bab as-Saghir, Damascus.

Mawazo yake hayakuzikwa naye. Alitetea kwa nguvu elimu ya qiyafa, yaani kutambua nasaba kwa kulinganisha viungo, akitegemea hadithi ya Mujazziz al-Mudliji aliyeitazama miguu ya Zayd na mwanawe Usama (r.a.) akatamka kuwa inatokana, na Mtume (SAW) akafurahi. Imam Shafii naye ameikubali qiyafa. Juu ya msingi huo wanazuoni wa zama zetu wamejadili vipimo vya vinasaba. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha Makka mwezi wa Januari mwaka 2002, lilikubali vitumike pale nasaba inapogombaniwa au watoto wanapochanganyika, lakini likakataza visitangulizwe mbele ya liani katika kukanusha mtoto. Ni mizani ileile: dalili inakubaliwa, na mipaka inalindwa.

Hata katika mwambao wetu kuna mfano. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya Kenya ya mwaka 1967 inaelekeza katika kifungu cha 6 kwamba ushahidi ufuate sheria ya Kiislamu, lakini mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na kila suala liamuliwe kwa kupima uaminifu wa ushahidi wote, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Aliyemsoma Ibn al-Qayyim hatashangazwa na maneno hayo.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba haya ni ya makadhi peke yao. Kila baba na mama ni hakimu nyumbani kwake. Fedha zimepotea kabatini, na aliyeingia chumbani ni mtumishi. Mara ngapi anafukuzwa jioni ileile bila kuulizwa neno? Mke ameona ujumbe katika simu ya mumewe, au mume katika simu ya mkewe, na talaka inatoka kabla ya maelezo. Mtoto amepakwa tope la tuhuma mtaani, na wazazi wake ndio wa kwanza kumpiga. Mwenyezi Mungu (SW) ametuamrisha katika Aya ya 6 ya Suratul Hujurat tuzichunguze habari zinapotufikia, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta.

Basi tusiwe vipofu wa dalili hata mdhulumiwa akakosa pa kushika kwa kuwa hana mashahidi. Na tusiwe wepesi wa dalili hata kila mwenye kisu chenye damu akawa muuaji. Kati ya mambo mawili hayo ndimo ulimo uadilifu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) amrehemu Ibn al-Qayyim, awape makadhi wetu busara na ujasiri, na atukinge sote tusiwe wenye kudhulumu wala wenye kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.